Kilomita Iliyolala Chini ya Zaha: Historia ya Kiwanja cha Ndege cha Goma

Viwanja vya ndege vilivyotoweka katika Afrika ya Mashariki na ya Kati aghalabu vimetoweka kimyakimya. Mji hukua na kukizunguka kiwanja, serikali hujenga kingine mbali zaidi, na kile cha awali hugeuzwa kuwa kambi ya jeshi, soko au mtaa wa nyumba, hata ikafika siku ambapo wazee peke yao ndio wanaojua kwamba hapo zamani palitua ndege. Kiwanja cha Goma, makao makuu ya Kivu Kaskazini, hakikupatwa na hali hiyo. Sehemu yake kubwa ilipotea kwa siku moja tu, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakikimbia. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka ambayo wengi huyaita lava, ikateremka hadi mjini. Njia ya kurukia ndege ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 3. Theluthi yake ya kaskazini, karibu kilomita nzima, ilifunikwa.

Makala haya yanaichunguza historia ya kiwanja hicho kwa kuitazama zaidi sehemu hiyo iliyopotea. Maandishi mengi yanayokitaja kiwanja cha Goma hukitaja kwa sababu ya vita: nani alikiteka, lini, na majeshi gani yalitua hapo. Mambo hayo ni ya kweli na yataelezwa hapa chini. Hata hivyo, historia ya vita peke yake haitoshi. Kupotea kwa kilomita ile moja, pamoja na miaka mingi iliyopita kabla ya juhudi kubwa za kuirudisha, kunaeleza mambo ambayo orodha ya watekaji haiwezi kuyaeleza, hasa yale yaliyowapata wakazi wa mtaa wa Birere, ambao hawakuwa abiria wala wenye ndege.

Mji wa mpakani na njia yake ya angani

Goma ilianza kuwa kituo kidogo cha Wabelgiji mwanzoni mwa karne ya 20, kikiwa kimetazamana na kituo cha Wajerumani cha Kisenyi, ambacho leo ni mji wa Gisenyi nchini Rwanda. Mpaka uliothibitishwa mwaka 1910 uliviacha vituo hivyo viwili bega kwa bega kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu. Katika enzi ya ukoloni Goma haikuwa mji mkubwa. Makao makuu ya Kivu yalikuwa Bukavu, iliyoitwa Costermansville, kwenye ncha ya kusini ya ziwa hilo. Goma ilikuwa mahali pa kushuka kutoka melini na kushika barabara ya kwenda Rutshuru. Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliwavuta wataalamu na watalii kuja kuyaona mavolkano na sokwe, lakini mji wenyewe ulibaki mdogo.

Mahali pa kujenga kiwanja hapakuwa pengi. Kusini kuna ziwa, mashariki kuna mpaka, magharibi ardhi inapanda kuelekea Masisi, na kaskazini wamesimama Nyiragongo, wenye urefu wa karibu mita 3,470, na jirani yake Nyamulagira. Bonde lililobaki katikati yake limetandikwa kwa zaha ya milipuko ya zamani. Hapo ndipo njia ya kurukia ilipolazwa, kutoka kaskazini hadi kusini, ncha yake moja ikielekea mlimani na nyingine ikielekea mjini na ziwani. Mpangilio huo ndio ufunguo wa mengi yaliyofuata. Kwa kuwa kaskazini kuna mlima, ni rahisi zaidi kwa rubani kupaa akielekea kusini, juu ya mji, kisha kutokea ziwani ambako anga ni wazi.

Jambo la pili linalohitaji kukumbukwa ni mwinuko. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyembamba, mabawa hayapati nguvu ya kutosha mapema, na injini nazo hupungukiwa na uwezo. Ndege iliyojaa mizigo, ambayo ingeweza kupaa kwa umbali mfupi pwani ya Dar es Salaam, huhitaji mamia ya mita zaidi inapopaa Goma. Kwa hiyo zile kilomita 3 hazikuwa majivuno ya wajenzi. Zilikuwa kipimo cha haja.

Haja hiyo iliongezeka baada ya uhuru wa mwaka 1960. Kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 hata kwa mstari ulionyooka, na kadiri barabara na reli za nchi zilivyozidi kuchakaa ndivyo safari ya nchi kavu ilivyozidi kuwa jambo lisilowezekana. Mazao ya nyanda za juu za Kivu yalipata soko katika mji mkuu kwa sababu ya ndege. Maharage, mboga na nyama vilipakiwa Goma vikauzwa Kinshasa. Hata jibini ya Masisi, inayojulikana nchini kote kwa jina la mji ambamo ilipakiwa kuliko jina la milima ilikotengenezwa, ilisafiri kwa njia hiyo. Mwaka 1988, Kivu ilipogawanywa kuwa mikoa mitatu, Goma ikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini. Inafaa kusema kwamba kiwanja kilikuwa kimeupandisha mji daraja hata kabla ya serikali kufanya hivyo.

Onyo la 1977

Mlima ulikwisha kutoa onyo mapema. Ndani ya kreta ya Nyiragongo kulikuwa na ziwa la zaha lililokuwa likichemka kwa miongo mingi, na mwanavolkano Haroun Tazieff alilifanya lijulikane duniani. Tarehe 10 Januari 1977 kuta za mlima zilipasuka na ziwa hilo likamwagika lote kwa muda usiofika hata saa moja. Zaha ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, na kwa sababu hiyo hutiririka kama maji kuliko zaha ya milima mingi. Katika miteremko ya juu ilikwenda kwa kasi ambayo hakuna mtu anayeweza kuishinda kwa miguu. Vijiji viliteketea na watu wakafa. Makadirio ya idadi yao yanatofautiana sana, kuanzia makumi hadi mamia. Mtiririko mmoja ulielekea Goma moja kwa moja, ukapoa na kusimama kabla ya kukifikia kiwanja.

Katika miaka iliyofuata zaha ilianza kujikusanya upya ndani ya kreta, na watu nao wakajenga nyumba katika eneo lililokuwa limebaki wazi kati ya mji na mlima. Kiwanja kilibaki pale pale. Si rahisi kuwalaumu waliofanya hivyo, maana bonde ni lile lile na hapakuwa na jingine.

Miezi ambayo dunia ilitua Goma

Mwaka 1994 kiwanja hicho kilifahamika duniani kote. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipopitisha azimio namba 929 tarehe 22 Juni, Ufaransa ilianzisha operesheni yake iliyoitwa Turquoise, ikiwa na askari wapatao 2,500, na ikaiteua Goma kuwa kituo chake kikuu. Sababu ilikuwa wazi. Rwanda yenyewe ilikuwa vitani, mauaji ya kimbari yalikuwa yakiendelea, na hapakuwa na mahali pengine karibu na mpaka palipokuwa na njia ndefu ya kutosha kwa ndege kubwa za mizigo. Mobutu, aliyekuwa ametengwa na nchi za Magharibi kwa muda, alipata nafasi ya kuhitajika tena kwa sababu ya kile kipande cha lami.

Katikati ya Julai, baada ya serikali iliyoendesha mauaji ya kimbari kushindwa, watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 800,000 na milioni moja walivuka mpaka na kuingia Goma na vitongoji vyake kwa siku chache tu. Miongoni mwao walikuwamo raia, askari wa jeshi lililoshindwa, na wanamgambo waliohusika na mauaji. Walipelekwa Kibumba, Katale, Mugunga na kwingineko, katika ardhi ya zaha isiyo na visima wala vijito. Kipindupindu kikazuka. Watu wapatao 50,000 wanakadiriwa kufa katika mwezi wa kwanza.

Hapa jiwe la Goma linajitokeza tena katika historia hii, na kwa namna ya kutisha. Kaburi halikuweza kuchimbwa kwa jembe. Choo hakikuweza kuchimbwa kwa jembe. Maiti zilipangwa kando ya barabara zikisubiri mashine za jeshi la Ufaransa ambazo peke yake ndizo zilizoweza kuvunja ardhi, na baadhi ya makaburi ya halaiki yalichimbwa karibu na kiwanja. Wakati huohuo ndege za mataifa mengi, zikiwemo za Marekani zilizofika kuanzia juma la mwisho la Julai, zilishindania nafasi ya kutua kwenye njia moja na maegesho finyu. Mitambo ya kusafishia maji ya ziwa ilipitia hapo. Unga, mahema na dawa vilipitia hapo. Kilomita zote 3 zilikuwa kazini, mchana na usiku.

Ni vema kulizingatia hilo kwa undani kidogo, kwa sababu aghalabu husahauliwa. Kama mlima ungepasuka miaka minane mapema na kukata njia hiyo kama ulivyoikata mwaka 2002, sehemu kubwa ya ndege nzito zilizoleta maji na dawa hazingeweza kutua Goma. Vilevile silaha zilizowafikia waliohusika na mauaji waliokuwa wamejificha kambini zingepata tabu zaidi kufika. Njia ya ndege haichagui mzigo.

Kutoka kituo cha misaada hadi kituo cha waasi

Majeshi ya muungano wa AFDL, yakisaidiwa na Rwanda, yaliiteka Goma mwanzoni mwa Novemba 1996, na Laurent-Désiré Kabila akaanzia hapo safari iliyomfikisha Kinshasa mwezi Mei 1997. Miezi kumi na tano baadaye uhusiano wake na washirika hao ulivunjika. Tarehe 4 Agosti 1998 kiwanja cha Goma kilitumika kwa tendo ambalo wanahistoria wa vita bado wanalijadili kwa mshangao: ndege za abiria zilizotekwa zilipakiwa askari chini ya uongozi wa James Kabarebe, ambaye muda mfupi tu kabla alikuwa mkuu wa majeshi ya Kongo, zikavuka nchi nzima hadi kambi ya Kitona karibu na Bahari ya Atlantiki, umbali wa yapata kilomita 1,900. Jaribio la kuiteka Kinshasa kutokea magharibi lilishindwa baada ya Angola na Zimbabwe kuingilia kati. Lakini njia ya Goma ilikuwa imeonyesha kwamba katika nchi isiyo na barabara, mwenye kiwanja kirefu anaweza kupigana vita pande zote mbili za nchi kwa juma moja.

Kundi la RCD liliifanya Goma kuwa makao yake makuu. Tangu hapo hadi 2003 mji ulikuwa umekatwa na Kinshasa kisiasa, na ndege zilizotua zilileta askari, wafanyabiashara na madini. Bei ya koltani ilipopanda ghafla mwishoni mwa mwaka 2000, mifuko ya madini hayo ilisombwa kutoka viwanja vidogo vya ndani hadi Goma, kisha ikaelekea nje ya nchi. Hali ilikuwa hivyo mlima ulipopasuka.

Alhamisi, 17 Januari 2002

Mlipuko wa 2002 haukutoka kwenye kreta peke yake. Nyufa zilifunguka ubavuni mwa mlima, zikateremka kuelekea kusini hadi eneo la Munigi, kando kabisa ya mji. Zaha iliyotoka huko chini haikuwa na safari ndefu ya kuipoza. Ilikiingia kiwanja kutokea kaskazini, ikaifunika ncha ya njia ya kurukia, ikalitenga jengo la abiria na maegesho ya ndege yaliyokuwa upande huo, kisha ikaendelea katikati ya mji hadi ziwani. Mahali pengine mto huo wa moto ulikuwa na upana wa mita 200, pengine karibu kilomita nzima, na kina chake kilifika mita 2. Sehemu kubwa ya eneo la biashara iliteketea. Watu wapatao 400,000 walihama, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Gisenyi, na baada ya siku chache wengi walirudi wakikanyaga mawe ambayo bado yalikuwa ya moto. Zaidi ya watu 100 walikufa, baadhi yao katika mlipuko wa kituo cha mafuta, na wapatao 120,000 walibaki bila makazi.

Kilichofuata mjini kinafahamika. Watu hawakuiondoa zaha, waliipanda. Nyumba mpya zilijengwa juu ya zile zilizozikwa, barabara zikasawazishwa juu ya jiwe, na kuta zikajengwa kwa mawe yaleyale yaliyobomoa kuta za kwanza. Katika mitaa fulani mlango wa zamani ulibaki chini, na orofa ya kwanza ikawa ndiyo ya chini. Madereva wa chukudu walianza tena kusukuma viazi na mkaa juu ya ardhi iliyokuwa imeinuka mita mbili. Kwa kifupi, mji ulipanda pamoja na jiwe lake.

Njia ya ndege haikuweza kufanya hivyo. Nyumba inaweza kukaa juu ya kilima na jirani yake akakaa bondeni, lakini njia ya kurukia lazima iwe sawa kutoka ncha hadi ncha. Zaha iliyoganda ina mikunjo, nyufa na mapango ndani yake. Haiwezi kutiwa lami juujuu halafu ikabeba ndege ya tani makumi. Kwa hiyo palikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: kuling'oa jiwe lote au kuiacha theluthi ile na kuishi na kilomita 2 zilizobaki. Goma ilichagua la pili, au tuseme ilichaguliwa, maana katika mji uliokuwa chini ya waasi, huku serikali ya Kinshasa ikiwa vitani nao, hapakuwa na mamlaka ya kulipia kazi ya kwanza.

Linganisho moja linasaidia. Mwezi Septemba 1994 majivu ya volkano Tavurvur yalikizika kiwanja cha Rabaul huko Papua New Guinea. Wenyeji wa huko walikiacha, wakahamia kiwanja cha Tokua, mbali na volkano hiyo. Goma haikuwa na Tokua yake. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na kiwanja kidogo cha Gisenyi, lakini hicho ni cha nchi nyingine. Na kiwanja kikubwa kilichokuwa karibu, cha Kigali, ni cha nchi hiyohiyo. Tangu hapo wasafiri wa Goma wenye uwezo walizoea kwenda Kigali kwa barabara na kupanda ndege huko. Jambo hilo, ambalo mwanzoni lilikuwa la lazima, liligeuka kuwa desturi ya biashara.

Birere

Kwa yule aliyeitazama ramani tu, kilomita 2 zilionekana kutosha. Lakini hesabu ya rubani ilikuwa tofauti. Awali ndege iliyopaa kuelekea kusini ilianzia mbio zake kule kaskazini, ikawa na kilomita 3 mbele yake kabla ya kuufikia mji. Baada ya 2002 ilianzia mahali zaha ilipokomea. Mwisho wa njia haukusogea. Ulibaki palepale, kwenye mpaka wa Birere, mtaa wa maduka, vibanda na nyumba zilizosongamana kwelikweli. Kilichosogea ni mwanzo. Ile kilomita iliyopotea kaskazini ilipunguza usalama wa watu wa kusini, ambao zaha ya upande wa kaskazini ilikuwa imeshasahaulika kwao.

Ndege zilizoendelea kutua zilikuwa za aina nyingi: za Umoja wa Mataifa, ambao ujumbe wake wa MONUC uliweka kambi kiwanjani, Antonov za mizigo zilizoundwa katika Umoja wa Kisovieti wa zamani, zilizozoea viwanja vibovu, na ndege ndogo zilizokwenda Walikale kuchukua kasiteriti, madini ya bati, kutoka machimbo ya Bisie. Huko Walikale ndege zilitua Kilambo, ambako kipande cha barabara ya kawaida ndicho kilichokuwa kiwanja. Gari lilisubiri ndege ipae. Biashara hiyo ya barabara iliyogeuzwa kuwa kiwanja ilitegemea kiwanja cha Goma kilichokuwa kimegeuka nusu jiwe, na haishangazi kwamba mabaki ya ndege zilizokufa yaliongezeka kando ya njia, baadhi yakiwa yamefungiwa na zaha yenyewe. Watoto wa mitaa ya jirani waliyafanya mahali pa kuchezea.

Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria aina ya DC-9 ya kampuni ya Hewa Bora, iliyokuwa ikielekea Kisangani na Kinshasa, ilishindwa kupaa. Ilipita mwisho wa njia ikaingia Birere. Watu wasiopungua 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa ndani ya ndege. Walikuwa sokoni na majumbani mwao. Zaidi ya watu 100 walijeruhiwa. Sababu za ajali kama hii huwa nyingi, na haitakuwa haki kuitwisha zaha peke yake mzigo wote: ndege ilikuwa imezeeka, usimamizi wa usafiri wa anga nchini ulikuwa dhaifu kiasi kwamba mashirika ya Kongo yalipigwa marufuku Ulaya, na njia ilikuwa imelowa kwa mvua. Hata hivyo, swali la nini kingetokea kama ndege hiyo ingekuwa na mita 1,000 zaidi za kusimamia si swali la kubuni. Mita hizo zilikuwapo miaka sita iliyotangulia.

Tarehe 24 Novemba 2019 msiba ulirudi. Ndege ndogo aina ya Dornier 228, iliyokuwa ikienda Beni, ilianguka katika mtaa wa Mapendo, muda mfupi baada ya kupaa. Zaidi ya watu 25 walikufa, baadhi yao wakiwa wakazi. Safari hii urefu wa njia haukuwa na maana kubwa, kwa sababu ndege ndogo ya aina hiyo huhitaji umbali mfupi. Kilichokuwa na maana ni ukaribu wa nyumba. Wale waliopoteza makazi mwaka 2002, na wengine waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru, walijaza kila nafasi iliyobaki wazi, na ukingo wa kiwanja ulikuwa nafasi wazi kuliko zote. Mji wa watu 400,000 ulikuwa umefika milioni moja au zaidi.

Kung'oa jiwe

Kazi ya kuirudisha sehemu iliyofunikwa ilianza kwa dhati baada ya msiba wa 2008. Kwa fedha za Ujerumani, shirika la misaada la nchi hiyo liliingia kuvunja na kuondoa zaha, kazi iliyohitaji mashine nzito na subira. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 52 kwa ajili ya usalama wa kiwanja, na mwaka huohuo Ethiopian Airlines ilianza safari za Addis Ababa hadi Goma. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, msafiri wa Goma aliweza kutoka nje ya nchi bila kupitia Rwanda.

Katikati ya juhudi hizo vita haikukoma. Kundi la M23 liliuteka mji tarehe 20 Novemba 2012 na kuondoka tarehe 1 Desemba. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulirusha kutoka Goma ndege zake za kwanza zisizo na rubani, zilizokusudiwa kuchunguza mienendo ya makundi yenye silaha. Ni jambo la kutafakari kwamba chombo kipya kabisa cha ulinzi wa amani duniani kilianzia kazi kwenye njia ambayo sehemu yake ilikuwa bado imezikwa.

Usiku wa 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka tena. Zaha iliteremka kwa njia iliyokaribiana na ile ya 2002, ikateketeza vijiji na mamia kwa mamia ya nyumba, ikasimama Buhene, kaskazini kidogo ya kiwanja. Watu wapatao 30 walikufa. Siku chache baadaye, matetemeko yalipozidi na wataalamu wakihofia kwamba zaha ilikuwa ikipita chini ya mji, mitaa kumi iliamriwa kuhamwa. Safari za ndege zilisimamishwa kwa muda. Kiwanja kilinusurika kwa umbali ambao mtu angeutembea bila kuchoka.

Njia ipo, ndege hazipo

Kufunikwa kwa pili hakukuja kwa zaha. Kufikia mwanzoni mwa 2024 mapigano kati ya jeshi la Kongo na M23 yalikuwa yamefika Sake, na mwezi Februari mabomu yaliangukia kiwanjani na kuharibu ndege za raia. Barabara zote za kuingia mjini kutoka maeneo ya serikali zilikatwa moja baada ya nyingine, mpaka zikabaki njia mbili tu: boti za Bukavu na ndege. Tarehe 27 Januari 2025 wapiganaji wa M23, wakisaidiwa na Rwanda kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa, waliingia Goma, na siku iliyofuata kiwanja kikawa mikononi mwao. Maafisa wa Umoja wa Mataifa walitaja idadi ya karibu watu 3,000 waliokufa katika mapigano hayo. Vifaa vya kuongozea ndege viliharibiwa. Katikati ya Februari, kiwanja cha Kavumu karibu na Bukavu nacho kilitekwa.

Mkoa mzima ukarudi katika hali ya kabla ya ndege. Mgonjwa aliyehitaji daktari bingwa wa Kinshasa, mwanafunzi, mfanyabiashara wa jibini, wote hao walilazimika kwenda Kigali au Entebbe kwanza, wakivuka mipaka ya nchi nyingine ili wafike katika mji mkuu wa nchi yao. Misaada ilipitia barabarani kutoka nje. Kwa wale wasiokuwa na hati za kusafiria wala nauli ya dola, Kinshasa ilikuwa imekwisha kuondoka katika ramani ya mahali panapofikika.

Tofauti kati ya kupotea kwa 2002 na kule kwa 2025 inastahili kuangaliwa. Zaha ilichukua theluthi na kuacha theluthi mbili, na ile iliyoachwa ilitumika siku chache baadaye. Silaha hazikugusa sana lami, lakini zilikizima kiwanja chote. Jiwe lingeweza kupimwa kwa mita za ujazo na kuondolewa kwa mashine. Kufunguliwa kwa kiwanja kilichofungwa na vita kulihitaji kwanza makubaliano juu ya nani ataketi katika mnara wa kuongozea ndege, nani atagonga muhuri katika hati za abiria, na kwa jina la serikali gani. Hayo ndiyo yaliyokwamisha mazungumzo.

Tarehe 30 Oktoba 2025, katika mkutano uliofanyika Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba kiwanja cha Goma kingefunguliwa katika majuma yaliyofuata kwa ajili ya ndege za misaada, za mchana tu. Viongozi wa M23 walilikataa tangazo hilo mara moja, wakisema kwamba limetolewa bila wao kushauriwa. Siku hiyo ilikuwa imetimia miezi tisa tangu safari ya mwisho ya kawaida ya abiria, na katika mtaa wa Birere, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya wengi wa wakazi wake, hapakuwa na ndege iliyopita juu ya mapaa.